Msimpe Kibao Aliyeshindwa na Koleo

Wanangu mlioandikwa kibarua cha barabara, wa Litein, wa Kapkatet, wa Mogogosiek, nanyi mabinti wa Silibwet, nimesikia mmeshapewa jaketi za kumeta, mmefundishwa kupanga koni, na kila mmoja ameshika kile kibao cha STOP upande mmoja na GO upande wa pili. Vizuri. Mimi nina machache ya kuongeza, na la kwanza linawahusu zaidi wale watakaofanywa manyapara.

Asubuhi watu wakigawiwa kazi, mwenye nguvu hupewa koleo na toroli. Anayelalamika mgongo, au aliyelewa jana, au mtoto wa rafiki ya nyapara, huambiwa, "Wewe shika kibao, ukae kando upumzike." Desturi hiyo ikome na kizazi chenu. Mwenye kibao ndiye aliyeshika roho za wote walioinama nyuma yake. Awe na macho mazuri, masikio mazuri, na moyo mpole, kwa sababu atatukanwa na makanga kutwa nzima na hatakiwi kujibu. Simu yake aikabidhi kwa nyapara. Na apokezwe kila baada ya muda, maana kusimama tu juani kunachosha akili kuliko kuchimba mtaro.

Sisi wazee hatukuyajua mambo haya ya vibao na koni. Mpango wa barabara za vijijini ulipoanza nchini 1974, barabara zililimwa kwa jembe, sululu na toroli, na gari likipita watoto walilikimbilia kulitazama. Chuo cha Kisii, hapo jirani, kikaja kuwafunza watu kutoka nchi nyingi za Afrika ujenzi huu wa kutumia mikono. Siku zile ukiumia, uliumizwa na jiwe au na sululu ya mwenzako. Leo atakayekuumiza hajui hata jina la kijiji chako. Yuko njiani na kontena kutoka Mombasa, ametoka Mau Summit anateremka Kericho, na labda ameweka fri ili abanie dizeli.

Kwa hiyo kibao cha kwanza, kile cha kuonya kwamba watu wako kazini, kiwe mbali. Narudia, mbali. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde mbili tu kuelewa anachokiona, mita 44 zimekwisha na mguu bado haujagusa breki. Sasa ongeza mvua yetu ya alasiri, lami ikiwa na tope lililoachwa na trekta za chai, na mteremko. Mimi nimeona kibao cha watu kazini kimeegemezwa kwenye greda yenyewe! Dereva anakisoma akiwa tayari yuko juu yenu. Kama kuna kona, kibao kiwekwe kabla ya kona. Kama kuna mlima, kabla ya kilele chake, hata ikibidi mtu atembee nacho mwendo mrefu akinung'unika. Na akishakisimamisha, arudi nyuma zaidi, ageuke, akitazame kwa macho ya dereva. Majani ya chai ya kando ya barabara hayafichi kitu, yamekatwa chini, lakini mikaratusi na kingo za udongo zinaficha.

Jambo ambalo watu hulisahau kabisa ni mkia wa foleni. Asubuhi mmeweka kibao mahali pake, sawasawa. Saa nane foleni imekua, imepita kibao, imepanda mpaka nyuma ya kona. Aliye hatarini sasa si wewe mwenye koleo, ni mama aliyeketi kiti cha nyuma cha matatu ya mwisho. Lazima kuwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni huo mkia tu, mkia ukirefuka naye anarudi nyuma na bendera yake. Mkandarasi akisema hana pesa za mtu huyo, basi magari yaachiliwe mapema, foleni isirefuke.

Mnakumbuka Londiani, Juni 30, 2023. Trela lililokuwa likielekea Kericho lilivamia matatu, boda boda, wachuuzi na waliokuwa wakisubiri gari pale njia panda, na watu zaidi ya 50 wakafa. Hapakuwa na kazi ya barabara pale. Ninalitaja kwa sababu koni haizuii lori. Koni ni barua tu kwa dereva, na dereva asiye na breki hata akiisoma itamfaa nini? Ndiyo maana mshika kibao asimame ukingoni, si katikati, mpaka gari la kwanza liwe limesimama kabisa. Asiyape magari mgongo. Na kabla hata hajainua kibao, awe ameshachagua atakaporukia: si ukutani, si kwenye mtaro wenye mawe, na asiegemee gari lolote lililoegeshwa.

Pale ambapo washika vibao wawili hawaonani, na redio zimeisha moto, tumieni kijiti. Dereva wa gari la mwisho anapewa, anakikabidhi upande wa pili, na hapo ndipo upande ule unafunguliwa. Kijiti kisipofika, hakuna kufungua, hata dereva wa Probox apige honi mpaka usiku. Boda boda watajipenyeza nyuma ya kijiti, hilo nalijua. Mhesabuni kila mmoja anayepita na mwambieni mwenzenu.

Jua pia haki zako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga bila kukukata mshahara. Ukiona hatari kubwa iliyo wazi, mwambie msimamizi wako, naye hana ruhusa ya kukurudisha pale mpaka iondolewe. Mwambie kwa heshima, mbele ya wenzako, wasikie.

Jioni kila mtu anataka kwenda nyumbani, na mawingu yameshajaa upande wa msitu. Lori za viwanda nazo zinakimbia kutoka vituo vya chai kabla majani hayajaungua. Anzeni kutoa koni za karibu na kazi mkielekea nje. Kibao cha mbali ndicho kitoke mwisho. Matawi na mawe mliyoweka barabarani yaondolewe yote, na kokoto zifagiliwe, kwa sababu pikipiki huteleza juu yake. Mkiacha shimo, liwe na uzio na taa. Kama mkandarasi hana taa, shimo lijazwe kabla ya giza, hata kama kesho asubuhi mtalifukua upya.