TUWAANDIKIE NINI WALIO UGENINI?

Somo: Yeremia 29:1-7



Mtakumbuka Jumapili ile ya Agosti, baada ya mnada wa ufuta, tulipomwita mwanetu mbele ya altare. Hatumtaji jina, maana kila mtu anamjua, tena mambo tutakayoyasema ni aibu yetu wala si yake. Alikuwa amepata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza. Ufadhili ulilipa karo na chumba, lakini nauli na nguo za baridi zilitushinda, tukachanga. Padre alimwekea mikono, akina mama wakampa korosho za kubangua, tukaimba hata sauti zikatukauka. Tulifurahi kweli kweli. Mtoto wa Namungo, aliyesoma kwa taa ya kibatari huku Ruangwa, sasa anapanda ndege!

Basi alikwenda. Na sisi tukabaki tukijisifu sokoni na kilabuni kwamba tuna mtu Ulaya.

Sasa na tulisome somo letu. Watu wa Yuda wamechukuliwa mateka mpaka Babeli. Si njia fupi. Ezra alipoipita baadaye alitumia miezi minne. Huko hawajui mtu, hawajui desturi, hata kuimba nyimbo za nyumbani kunawashinda, kama isemavyo Zaburi ya 137. Ndipo Yeremia, aliyebaki Yerusalemu, anawaandikia barua. Tazameni anayowaandikia: wajenge nyumba wakae, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuzaa, wauombee kwa Bwana mji ule waliomo. Tumeisoma barua hiyo mara nyingi, lakini mwaka huu tumeona ndani yake jambo ambalo hatukuliona kwanza. Yeremia hawaombi kitu. Yerusalemu ulikuwa na njaa na hofu, tena mfalme wa Babeli alikuwa amekwisha kutwaa vyombo vya hekalu. Mtu angeweza kusema, ninyi mlio kwenye mji tajiri, tukumbukeni sisi huku. Hakusema hivyo. Alitaka kwanza wao waishi.

Na sisi je, tulimwandikia nini mwanetu?

Siku hizi hatungoji miezi minne. Simu iko mkononi, na mtu aliye kandokando ya shamba lake la mikorosho aweza kumwona mwenziwe wa Ulaya usoni. Katika mwezi wa kwanza tulimpigia kumsalimu, naye akaitikia, “Shikamooni, mimi mzima.” Mwezi wa pili mmoja wetu alimwomba simu. Mwingine akaomba ada ya mtoto wake wa sekondari. Mjomba wake akaomba pikipiki, akaongeza kwamba si lazima iwe mpya. Na sisi wa Halmashauri ya Kanisa, tusijitoe katika hesabu hii, tulimwandikia barua nzuri yenye muhuri tukimwomba mabati ishirini ya paa. Tulianza kwa salamu za Kristo na kumaliza kwa sala. Katikati yalikuwa mabati.

Mabati yalikuja. Tulipiga makofi.

Aliyetufumbua macho ni bibi mmoja, mjane wa mwalimu wetu wa zamani. Hana simu, aliazima ya mjukuu wake baada ya sikukuu ya Epifania, akampigia kijana. Hakumwuliza habari za masomo wala za Ulaya. Alimwuliza, “Umekula nini tangu asubuhi?” Kijana alinyamaza. Bibi akadhani simu imekatika. Kisha akasikia, “Mkate, bibi. Wa jana.” Ndipo maneno yote yakatoka.

Hebu tuufikiri muhula ule wa kwanza kama alivyomweleza bibi. Kiingereza alichokipata kwa alama nzuri shuleni hakikuwa kile alichokisikia darasani. Wiki za mwanzo alishika nusu ya maneno, na wenziwe walipocheka alicheka baada yao. Upande wa kaskazini ya Uingereza mwezi wa Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi ya jioni, basi huingia maktaba kweupe na kutoka usiku. Watu ni wema, akasema, lakini wana haraka, na mtu aweza kupita siku mbili asitajwe jina lake. Sheria ya kule humruhusu mwanafunzi wa ugeni kufanya kazi saa zisizozidi ishirini kwa wiki wakati wa masomo. Alizitumia zote akiosha vyombo mkahawani hata usiku wa manane, ili simu, ada na mabati yapatikane. Mtihani mmoja wa Januari umemshinda. Ataurudia Agosti. Wala hakumwambia mtu, kwa sababu kila tulipompigia tulimwambia jinsi tunavyomwonea fahari, na ni vigumu kumwambia njaa yako mtu anayekupigia makofi.

Tulifanya hivyo sisi, watu wa Nachingwea na Ruangwa, ambao twajua maana ya mgeni anayejifunza! Tangu 1965 hata Msumbiji ilipopata uhuru 1975, vijana wa FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea. Walivuka Ruvuma wakajifunza vita, na wengi wakajifunza na kusoma. Wengine lugha yao ilikuwa jirani na Kimakua na Kiyao cha kwetu. Wengine walitoka kusini ya mbali kabisa, hawakuelewa salamu ya mtu. Hatujamsikia mzee hata mmoja akisema kwamba aliwadai zawadi.

Tena Kanisa letu la kusini limelelewa na mtu aliyeonja ugeni huo. Padre Cecil Majaliwa alikuwa Myao, aliyekombolewa utumwani. Alisomeshwa Kiungani, Unguja, kisha akapelekwa Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Mwaka 1890 alipewa upadre, wa kwanza katika Waafrika wa UMCA, akachunga watu Chitangali, upande wa Newala. Mtu aliyetolewa kwao kwa nguvu akiwa mtoto, na kupelekwa tena mbali kwa ajili ya elimu, alirudi kwa Wayao akiwa mchungaji wao. Alipokuwa Canterbury hakuna aliyejua atakuwa nani. Alikuwa mwanafunzi tu, mwenye baridi.

Danieli naye alikuwa mwanafunzi, miaka mitatu katika elimu ya Wakaldayo, hata jina lake wakalibadili. Lakini alikuwa na wenziwe watatu, na siku mambo yalipokuwa mazito alikwenda nyumbani akawaambia, wakaomba pamoja. Mwanetu hakuwa na hao watatu. Sisi ndio tuliopaswa kuwa hao.

Basi Halmashauri ilikutana Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima. Haikuwa mikutano mizuri. Mmoja alisema kijana alitoa kwa hiari, na sadaka hairudishwi. Tulijibizana sana. Mwisho tulikubaliana kwamba ile haikuwa sadaka yake bali deni letu, na thamani ya mabati ishirini irudishwe kwake. Nusu imekwisha kupatikana. Iliyobaki twaitaka kabla ya Pasaka. Tusiseme tungoje ufuta, maana mwenye njaa hawezi kungoja mnada. Kapu liko karibu na kisima cha ubatizo, na mweka hazina ataandika majina ya wanaotaka kuandikwa. Bibi amekwisha kutoa shilingi elfu mbili, hakutaka kuandikwa.

Yeye humpigia kila Jumamosi jioni. Wenye kutaka kumsalimu kijana waende nyumbani kwake saa hiyo, wakae kwa zamu, na mjomba pia amesema atakuja. Mvua za Machi zimeanza, na wakati wa Misa twazisikia zikipiga juu ya mabati yale.