Kutoonekana si Kutokuwepo: Virusi katika Wanyama wa Maabara

Panya wa maabara huitwa safi anapokuwa hana vijidudu vilivyotajwa katika orodha fulani. Kwa kawaida orodha hiyo huwa na virusi vya homa ya ini ya panya, virusi vya Sendai, parvovirusi za panya na vingine kadhaa. Usafi wake basi ni habari ya kitu kisichokuwepo, na habari za namna hiyo ni ngumu kuthibitisha. Swali ni hili: asiyeona kitu anaweza kuwa na yakini kwamba hakipo, au ana dhana tu?

Njia iliyozoeleka ya kutafuta jibu ni kuweka panya walinzi. Vizimba vinaposafishwa, mhudumu huchota maranda yaliyolowa mkojo na kinyesi, kidogo kidogo kutoka kila kizimba, na kuyamwaga katika kizimba cha walinzi ambao mwanzoni hawakuwa na maambukizi. Baada ya miezi kama mitatu hutolewa damu, na seramu yake hupimwa kama ina kingamwili, yaani alama ambazo mwili hubaki nazo baada ya kukutana na virusi. Kipimo cha PCR, kwa upande wake, hutafuta vinasaba vya virusi katika kinyesi au vumbi. Kingamwili hueleza yaliyopita. PCR hueleza yaliyopo.

Jibu likiwa "hakuna", shaka hubaki mahali patatu. Pa kwanza ni idadi. Katika kundi kubwa ambalo panya 10 kati ya kila 100 wameambukizwa, hata kwa kipimo kisichokosea, lazima wapimwe 29 ili uwezekano wa kumpata angalau mmoja ufike asilimia 95. Walioambukizwa wakiwa 1 kati ya 100, lazima wapimwe 299.

Pa pili ni njia. Virusi vya Sendai huambukizwa zaidi kwa hewa na kwa kugusana, hivyo maranda huvifikisha kwa shida kwa walinzi. Virusi vya LCM, ambavyo Erich Traub alivikuta mwaka 1935 katika panya weupe wa Taasisi ya Rockefeller huko Princeton, vina ujanja mwingine: panya aliyeambukizwa tumboni mwa mama hubaki navyo maisha yake yote, mara nyingi akiwa na sura ya mzima. Kingamwili zake hushikamana na virusi, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa hana kabisa.

Pa tatu ni orodha yenyewe, kwa sababu mtu hupima anachokijua. Usilolijua ni usiku wa giza, na mji wa Kisangani nchini Kongo una mfano wake. Mwaka 1956, mji ukiitwa bado Stanleyville, maabara ya tiba ya serikali ya kikoloni ilifungua kambi ya sokwe kando ya Mto Lindi. Mamia ya sokwe, pamoja na bonobo, walipitia hapo katika majaribio ya chanjo ya polio ya Hilary Koprowski. Hakuna aliyeweza kuwapima virusi vya jamii ya VVU, kwa kuwa VVU vyenyewe vilitambuliwa mwaka 1983.

Mwaka 1999 Edward Hooper, katika kitabu chake The River, alidai kwamba chanjo hiyo ilioteshwa katika seli za sokwe na ndiyo iliyoleta UKIMWI. Waliohusika na chanjo walikanusha. Sampuli zilizohifadhiwa zilipopimwa, hazikuonyesha VVU wala vinasaba vya sokwe; lakini jibu hilo lilihusu chupa zilizopimwa tu. Mwaka 2004 Michael Worobey na wenzake walionyesha kwamba virusi vya sokwe wa misitu ya karibu na Kisangani ni tawi tofauti na lililozaa VVU-1. Mwaka 2006 ndugu wa karibu zaidi wa virusi vilivyoenea duniani walipatikana katika sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun.

Ushahidi huu wa matawi ya virusi una uzito kuliko ule wa chupa kwa sababu ya umbo lake. Anayedaiwa kuwa sokoni Kisangani asubuhi fulani hasafishwi na shahidi mmoja ambaye hakumwona. Husafishwa na aliyemwona asubuhi hiyo hiyo bandarini Bumba, mji ulio mbali. Kutokuwepo huthibitika vizuri zaidi kwa kupata kitu kingine ambacho hakiwezi kuwa kweli pamoja na dai, kuliko kwa kurudia kutafuta na kukosa.

Kundi la panya mara chache hupata shahidi wa Bumba. Kwa hiyo cheti chake husema kweli kinapotaja tarehe, idadi ya waliopimwa, njia na orodha ya virusi. Kinaposema "safi" pekee, kinadai zaidi ya kinachojulikana. Kwa sababu hiyo hiyo seramu huhifadhiwa ikiwa imegandishwa, ili ipimwe tena orodha itakaporefuka.