Mnavu na Majina Yake

Huko Mboghoni, upande wa Taveta, mnavu humea wenyewe pembeni mwa migomba, ukitoa vitunda vidogo vya mviringo. Ukivuka mpaka pale Holili, utasikia ukiitwa mnafu. Panda basi hadi Nairobi, mama mboga atakuuzia managu. Mjaluo atakuambia ni osuga, Mkisii rinagu. Jamaa yake wa Ulaya, Linnaeus alimwandika Solanum nigrum mwaka 1753, na Waingereza humwita kwa jina la kutisha: kivuli cheusi cha usiku.

Sasa, nani amekosea? Wengi watasema jina ni jina tu. Mimi sikubali. Jina ni ushauri. Ukisikia mnavu, unajua la kufanya: chuma majani, chemsha, kaanga na kitunguu. Jina la Mwingereza linakuonya kuna sumu, na kweli, vitunda ambavyo havijaiva vina solanini, vinaweza kumdhuru mtoto. Moja linalisha, jingine linalinda. Tunayahitaji yote mawili.

Jina baya ni la tatu: gugu. Hakuna jamii ya mimea inayoitwa hivyo. Hiyo ni hukumu tu. Anayeitoa hahitaji kujua lolote zaidi, anachukua jembe au dawa, basi.

Kwa hivyo kijana wa mjini akijifunza majina ya mboga za kwao, msimcheke eti ni ushamba. Usipoweza kuitaja mboga ya bibi yako, utaiulizia vipi sokoni? Na siku ikiisha mashambani, utajuaje kuna kitu kimeondoka?