Kelele za Barabarani na Haki ya Jirani

Je, mtu aweza kumwibia mwenzake bila kugusa mali yake? Twasema aweza.

Jicho lina kope. Asiyetaka kuona hulifumba. Sikio halina kope. Sauti ikija huingia, mwenye sikio atake asitake, nayo huondoka na fikira aliyokuwa ameishika.

Reli ya Mtwara ilifungwa mwaka 1962, na mizigo ya bara huja kwa barabara. Malori ya korosho na ya makaa ya mawe hupita Mikindani kwenda bandarini, na bodaboda hupenya katikati yao zikipiga honi. Kando ya barabara hiyo wamo watu wafanyao kazi zao, na watoto wasomao.

Wengi hujibu, "Kelele si kitu, tumekwisha kuzizoea." Neno hili yafaa tulipime. Katika mji wa New York ilikuwako shule karibu na njia ya treni ipitayo juu ya nguzo. Upande mmoja wa jengo ulielekea njia hiyo. Upande wa pili ulikuwa mtulivu. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na mwenzake Dennis McCarthy walitoa habari za kusoma kwa watoto wa pande hizo mbili. Kila treni ilipopita, masomo yalikatizwa. Walipofika darasa la sita, watoto wa upande wa kelele walikuwa nyuma ya wenzao kwa muda wa karibu mwaka mzima. Waliisikia treni kila siku, wala kuizoea hakukuwaokoa. Mazoea huondoa uchungu wa hasara, hayaondoi hasara yenyewe.

Baadaye njia ile ilitiwa vipande vya mpira, na madarasa yakawekewa dari ya kumeza sauti. Uchunguzi wa pili, uliotolewa mwaka 1981, ulionyesha kuwa pande zote mbili husoma sawasawa. Basi kelele si kama radi. Ni kazi ya watu, na kazi ya watu ina mwenye kuulizwa.

Hatusemi malori yasipite. Korosho za mkulima hazina budi kufika bandarini, na mwenye bodaboda awatafutia watoto wake chakula. Kelele ya lazima jirani huichukua kwa saburi, kama moshi wa jikoni. Lakini bomba la pikipiki lililotobolewa makusudi ili lingurume, na honi ya kuita abiria mbele ya shule, zina lazima gani? Mpigaji hupata faida kidogo. Alipaye ni mwingine, asiyeulizwa. Nao wajengao shule mpya, yawapasa kuziweka mbali na barabara kuu.

Aliyeibiwa kuku hupiga yowe. Mtoto aliyeibiwa fikira hunyamaza, kwa kuwa hajui alichopoteza. Kwa sababu hawezi kudai, sisi wakubwa tuna deni la kumlindia utulivu wake.