Basi Lile Lile?

Basi la ghorofa la Routemaster lilianza kubeba abiria London mwaka 1956, na hadi uundaji wake ulipokoma mwaka 1968 yalikuwa yametengenezwa 2,876. Kila moja lilikuwa na namba yake, mara nyingi ikitanguliwa na herufi RM. Wapenzi wa mabasi ya zamani huiandika chini ya picha, pamoja na njia na tarehe, kama anavyoandikwa jina mtu wa ukoo.

Lakini namba hizo zilihamahama. Katika karakana kubwa ya Aldenham, kaskazini mwa London, basi lililokwenda kukarabatiwa lilinyanyuliwa bodi, na mitambo ya chini ikaenda upande wake. Bodi iliyokamilika ilishushwa juu ya mitambo yoyote iliyokuwa tayari. Namba nazo hazikusubiri: za basi lililoingia zilibandikwa kwenye lile lililokuwa likitoka, ili leseni iliyokwisha kulipiwa isilale bure. Hivyo picha ya mwaka 1960 na nyingine ya mwaka 1975 huweza kuonyesha namba moja juu ya mabati tofauti kabisa.

Fumbo hili ni la kale: mwandishi Mgiriki Plutarch alisimulia merikebu ya shujaa Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kubadilisha mbao zilizooza, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni ile ile. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes alikaza fundo: mbao kuukuu zikiundiwa merikebu ya pili, ipi ndiyo yenyewe? Aldenham ilikuwa na jibu la kiofisi: yenye namba. Waathene hawakuwa na kodi ya leseni ya kuwaamulia.

Picha haimalizi ubishi huo. Mwandishi Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alishikilia kwamba picha huthibitisha jambo moja: kitu hiki kilikuwapo mbele ya kamera. Ushahidi huo ni wa bati, rangi na mwanga wa siku ile. Jina huongezwa na mwandishi wa maelezo. Anayeililia RM fulani, basi, huenda analilia namba.

Tarehe 9 Desemba 2005 umati wenye kamera uliyaaga mabasi hayo kwenye njia ya 159, ya mwisho kuyatumia kwa huduma za kawaida. Mengi yalikuwa yamekwisha kubadilishwa injini. Mabasi mapya yalichukua nafasi yao, na njia ikaendelea kuitwa 159.