Nikikata Mti Wangu, Nimemwibia Nani?



Katika kijiji kimoja karibu na Kindu, kando ya mto Lualaba, mwalimu alikuwa akiwafundisha wakatekumeni amri ya saba, ile inayokataza wizi. Aliwaeleza habari za mali ya jirani, za mizani ya uwongo, na za mshahara wa mfanyakazi unaozuiliwa. Mwisho akauliza kama kuna mwenye swali. Kijana mmoja akasimama, akasema: "Mwalimu, juma lililopita niliangusha mingazi minne katika shamba letu, ili tupate pombe ya arusi ya dada yangu. Baba mdogo amenikasirikia mpaka leo, aniita mwizi. Lakini shamba ni letu, na miti ni yetu. Nikikata mti wangu mwenyewe, nimemwibia nani?"

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema ya kuwa swali hilo lastahili jibu refu, na ya kuwa watalirudia Dominika ijayo. Nasi twataka kulijibu hapa, maana si swali la kijana huyo peke yake.

Kwanza tuseme yaliyo ya haki upande wake. Mti si mtu. Aukataye ili ajenge, apike au ale hakufanya kama Kaini alivyomfanyia ndugu yake. Muumba alimpa binadamu mimea ya nchi imfae, na mngazi, ambao watu wa pwani huuita mchikichi, watufaa kuliko miti mingi. Ngazi zake zatupa mawese ya kupikia sombe. Njiti za makuti yake ni fagio zetu, na maji yake matamu hugemwa yakawa kinywaji cha wageni. Mtu asiyethubutu kugusa mti angekufa njaa, na Mungu hakutuumba kwa hilo.

Lakini yafaa tuutazame mngazi wenyewe jinsi ulivyo. Miti mingi ya msituni ukiikata shina, huchipua tena ubavuni. Mngazi sivyo. Una kilele kimoja tu, na chipukizi lake la kukulia limefichwa juu kabisa, katikati ya makuti. Likikatwa hilo, mti wote umekwisha. Mgema apandaye kwa kamba yake, akagema kwa kiasi, hushuka na kuuacha mti ungali hai, na kesho hurudi. Auangushaye hunywa kwa muda mfupi, kisha hana kitu tena. Na mngazi uliotunzwa waweza kuzaa ngazi kwa zaidi ya miaka 25.

Basi, ile mingazi minne ilitoka wapi? Kijana hakuipanda. Babu yake aliipanda, au aliiacha isimame siku ile alipofyeka shamba, ingawa ilimzuia jembe. Hakuiacha kwa ajili ya arusi moja. Aliwaachia watoto na wajukuu, pamoja na wale ambao hawajazaliwa. Ndiyo maana baba mdogo ana hasira. Kijana ni mmoja wa wenye mali, lakini ameitumia kana kwamba yeye ndiye wa mwisho katika ukoo.

Deni hilo lalipika. Mingazi ni mingi, toka huku kwetu mpaka pwani ya Afrika ya Magharibi. Kijana akipanda minane mahali pa ile minne, wajukuu watakula. Lakini je, liko deni la namna hii lisiloweza kulipika kamwe? Ili tulijue jambo hilo, hatuna budi kutoka kidogo Maniema na kwenda mpaka baharini.

Mngazi una ndugu wengi: mnazi, mtende, mvumo, na mkindu, ule utoao ukindu wa kusukia mikeka, ambao jina lake msomaji wa Kindu hatalisahau upesi. Baadhi ya ndugu hao wamekaa visiwani. Kisiwa ni kama chumba kilichofungwa mlango, maana bahari yakizunguka pande zote. Mbegu iliyofika huko zamani za kale ilikua na kubadilika polepole, mpaka ikawa aina isiyopatikana mahali pengine. Aina kama hiyo haina akiba. Ikitoweka pale, imetoweka duniani.

Karibu na Unguja kiko kisiwa cha Pemba, na huko huota mti uitwao mpapindi. Porini huota Pemba tu, na ndugu zake wa karibu wako Madagascar. Hata leo huonekana katika msitu wa Ngezi, upande wa kaskazini-magharibi, ambao ni hifadhi. Zamani msitu ulienea zaidi sana kisiwani. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ilifyekwa ili ipandwe mikarafuu. Mwaka 1872 dhoruba kali iliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa waliotolewa bara, na misafara ya wenye kufanya biashara hiyo ilifika mpaka Nyangwe na Kasongo, katika Maniema yetu. Tusilisahau hilo. Tamaa iliyomhesabu mtu kuwa bidhaa haikuona shida kuuhesabu msitu kuwa si kitu.

Mpapindi ungaliko, Mungu ashukuriwe. Mti mwingine umefika ukingoni kabisa. Ng'ambo ya Madagascar kiko kisiwa cha Morisi, na katika bustani ya mji wa Curepipe umesimama mti wa jamii hii, ambao wataalamu huuita Hyophorbe amaricaulis. Ni mti mmoja. Hakuna mwingine unaojulikana popote duniani. Hutoa maua ya kiume na ya kike, lakini hayafunguki kwa wakati mmoja, kwa hiyo kujizalisha kwake ni shida kubwa. Na juhudi za wataalamu za kuuotesha zimekuwa ngumu sana. Umezungushiwa uzio, ukalindwa kama mgonjwa mahututi.

Sasa tuulize: ni nani aliyeimaliza mingine yote? Hakuna aliyeamka asubuhi moja akasema, "Leo nitaimaliza aina hii." Misitu ya Morisi ilifyekwa kidogo kidogo, na sehemu kubwa yake ikawa mashamba ya miwa. Panya, kima na nguruwe walioletwa kwa meli wakala mbegu na miche. Kila mwenye shoka alikata sehemu yake tu, na kila mmoja aliona ya kuwa msitu ungali mkubwa. Wahenga walisema: Haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaweza kuongeza ya kuwa haba na haba hukimaliza kibaba vilevile.

Hapa ndipo penye fundo la swali letu. Moyo wa mtu hupenda kusema: "Langu ni dogo, mwenye kosa ni wote." Lakini tuseme watu kumi wameiba mtumbwi mkubwa usiku, na kila mmoja amebeba sehemu ya kumi ya uzito wake. Je, kila mmoja wao ni mwizi kwa sehemu ya kumi tu? Hasha. Mwenye mtumbwi akiamka, mtumbwi wote haupo. Kosa likigawanywa kati ya watu wengi halipungui kama mzigo upunguavyo.

Walakini tuwe wenye haki. Wale kumi walijua, tena walipatana. Wengi waliokata miti ya visiwani hawakujua ya kuwa haina mfano mahali pengine. Mafundisho yetu yasema ya kuwa dhambi kubwa yataka kujua na kukubali kwa hiari. Asiyejua hahukumiwi kama ajuaye. Lakini aliyekwisha ambiwa, akaendelea kwa sababu wenzake nao waendelea, hawezi tena kujificha nyuma ya wingi wa watu.

Mtu atapinga, akisema: "Aina hiyo ya Curepipe hainipi mawese wala pombe. Ikitoweka, nimepungukiwa nini?" Jibu la kwanza ni hili: wewe huijui faida yake, na mjukuu wako huenda angeijua. Jibu la pili lina uzito zaidi. Wema wa kiumbe haukuanza siku tulipokihitaji. Kitabu cha Mwanzo chaeleza ya kuwa Mungu aliiona mimea kuwa ni njema kabla mtu hajaumbwa. Na Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha ya kuwa viumbe vina thamani yao wenyewe mbele ya Mungu, na ya kuwa hatuna haki ya kuviangamiza. Kutumia ni ruhusa tuliyopewa. Kufuta aina nzima ni kazi ambayo hatukutumwa na mtu.

Mwingine atapinga kwa maneno yenye uchungu zaidi: "Nina njaa, na watoto wangu wana njaa. Je, mti uwe mkubwa kuliko mtoto?" Hapana, ndugu. Baba akataye mti ili mtoto asife hana hatia, na ole wake atakayemhukumu hali yeye ameshiba. Lakini tupambanue njaa na tamaa. Katika visiwa vya Shelisheli, pale Praslin na Curieuse, huota mnazi wa ajabu wenye mbegu nzito kuliko mbegu zote duniani: moja yaweza kufikia kilo 25. Tunda lake hukaa mtini miaka 6 au 7 ndipo liive. Bonde la Vallée de Mai, penye miti hiyo, liliwekwa mwaka 1983 katika orodha ya urithi wa dunia, na sheria yasimamia uuzaji wa mbegu zake. Hata hivyo wezi huziiba, maana huuzwa kwa bei kubwa. Mwizi wa namna hiyo hatafuti chakula cha jioni, atafuta fedha. Na mbegu iliyochukua miaka 7 kuiva yabebwa usiku mmoja.

Tena, haki ina pande mbili. Wakubwa wakimwambia mwanakijiji asiingie msituni, yawapasa kumtafutia njia nyingine ya kuishi. Kulinda mti na kumsahau jirani ya mti si utakatifu.

Msidhani ya kuwa habari zote za visiwani ni za huzuni. Karibu na Morisi kiko kisiwa kidogo kiitwacho Round Island. Katika karne ya 19 waliachwa huko mbuzi na sungura, nao wakala kila chipukizi, mpaka mti mmoja wa jamii ya mngazi, wenye shina nene kama chupa, ukabaki na miti michache ya kuhesabika. Mbuzi wakaondolewa mwaka 1979, na sungura mwaka 1986. Miche ikaanza kuota tena. Watu walikuwa wamechelewa sana, lakini aina hiyo ilikuwa ingali na mizizi ardhini.

Basi, turudi kwa kijana wetu. Amemwibia nani? Twaweza kumjibu bila kumtukana. Hakuwa mwizi kama yule aingiaye nyumba ya mtu usiku. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yaweka heshima ya viumbe chini ya amri hiyohiyo ya saba, na sababu sasa twaiona: vitu vya dunia viliwekwa kwa ajili ya wote, wa jana, wa leo na wa kesho. Babu alitoa bila kuonja. Kijana ameonja bila kubakiza. Aliyeibiwa ni yule asiyeweza kupiga kelele, kwa kuwa hajazaliwa. Apande basi, amwombe baba mdogo msamaha, na arusi nyingine agemee mti uliosimama.

Kila mwaka, Dominika ya Matawi, twaenda kanisani tukiwa na makuti mikononi. Twakata makuti machache, mti twauacha. Na mwaka unaofuata twapata mengine palepale. Hata Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20, yakataza jeshi lizingiralo mji kuikata miti ya matunda. Ikiwa vita havikupewa ruhusa hiyo, sembuse karamu.

Mkatekumeni ajiandaaye kwa ubatizo hujifunza kupokea asichostahili. Na ajifunze pia kuacha nyuma yake kitu ambacho hatakila yeye. Mchuma janga hula na wa kwao. Vivyo hivyo apandaye mngazi hula na wa kwao, hata akiwa kaburini.

Maswali ya kujadiliana pamoja na mwalimu

1. Ni miti gani ya kijiji chetu ambayo babu zetu waliiona kila mahali, nasi twaiona mara chache?

2. Watu wengi wakifanya kosa moja dogo kila mmoja, ni nani wa kwanza apaswaye kuacha?

3. Mtu maskini akikatazwa kukata mti, jirani zake wana wajibu gani kwake?