Simba wa kizimbani: je, ameokoka?

Iko picha moja ya zamani ambayo mtu akiiona haisahau upesi. Ilipigwa mwaka 1925 na Marcelin Flandrin, akiwa ndani ya ndege juu ya milima ya Atlas, katika nchi ya Maroko. Chini ni mawe na udongo mkavu, na katikati anaonekana simba mmoja, anakwenda peke yake. Jike hayupo, watoto hawapo, kundi halipo. Tukiitazama picha ile leo, tunajua jambo ambalo mpigaji hakulijua: simba wa Atlas walikuwa karibu kwisha.

Simba hao walikuwa mashuhuri tangu kale. Madume walikuwa na manyoya marefu, meusi, toka shingoni hata chini ya tumbo. Waroma waliwasafirisha kwa merikebu ili wapigane katika viwanja vyao. Wafalme wa Uingereza nao waliwafuga katika ngome ya London. Katika miaka ya 1930 mafuvu mawili ya simba yalichimbuliwa katika handaki la ngome hiyo, na wataalamu walipoyapima baadaye waliona kwamba asili yao ni Afrika ya Kaskazini.

Kwao wenyewe waliwindwa bila huruma. Serikali zilitoa zawadi ya fedha kwa ajili ya ngozi zao, bunduki zikazidi, misitu ikakatwa. Mwaka 1942 simba mmoja aliuawa karibu na njia ya Tizi n'Tichka. Ndiye wa mwisho anayejulikana kuuawa katika Maroko. Upande wa Algeria habari zao zilisikika hata miaka ya 1950, kisha kimya.

Lakini nyumba moja ilibaki nao. Makabila ya milimani yalikuwa na desturi ya kumpelekea Sultani simba hai, kuwa alama ya utii, naye aliwafuga katika jumba lake. Mwaka 1953 Wafaransa walimwondoa Mohammed V katika kiti chake, wakampeleka uhamishoni. Simba wake nao walihamishwa, wakatiwa katika bustani za wanyama za miji mingine. Mwaka 1955 mfalme alirudi, na baadhi ya simba wakarudishwa pia. Hapa tusimame kidogo tufikiri. Mfalme alirudi katika nchi yake. Simba walirudi katika vizimba. Hata leo wanaohesabiwa kuwa wazao wao wako katika bustani ya wanyama ya Rabat na katika bustani kadha wa kadha za Ulaya, na wazazi huwapeleka watoto wao kuwatazama.

Basi swali letu ndilo hili: simba hao wameokoka, au kifo chao kimecheleweshwa tu?

Wako wanaojibu mara moja: wameokoka, kwani wanakula, wanazaa, wala hakuna anayewapiga risasi. Jibu hilo si la kudharauliwa. Pasipo vizimba vya Sultani, pengine leo tungebaki na picha na mafuvu tu. Mtu aliyeficha kibaba cha mbegu wakati wa njaa hastahili kuchekwa kwa sababu hana shamba.

Lakini tuitazame mbegu yenyewe. Mbegu huwekwa ghalani kwa ajili ya kupandwa. Ikikaa mwaka hata mwaka bila kuona udongo, wadudu huiingia, na siku moja mwenye ghala hukuta unga mahali pa mbegu. Simba wa Rabat wamezaana wao kwa wao, tena ni wachache, na wataalamu wanabishana kama damu yao ni ile ile ya zamani ama imechanganyika. Milima ya babu zao imejaa watu, mbuzi na kondoo. Mlango wa kizimba ukifunguliwa kesho, watakwenda wapi? Simba aliyezoea kuletewa nyama na mlinzi hakufundishwa na mama yake kuwinda. Amebaki na sura ya simba, bali kazi ya simba imempotea.

Sasa tulete mfano mwingine, usiwepo wa kusema kwamba kila kizimba ni kibaya. Katika Hispania na Ureno yuko paka mkubwa wa mwitu aitwaye linksi, mwenye mkia mfupi na vishungi vya nywele juu ya masikio. Mwaka 2002 walikuwa hawafiki 100 katika nchi zote mbili. Sungura, ambao ndio chakula chake, walikuwa wamekufa kwa maradhi, na motokari ziliwagonga linksi barabarani. Watu wakakamata baadhi yao, wakawafuga. Mwaka 2005 wakazaliwa watoto wa kwanza mikononi mwa watu. Lakini angalieni namna walivyofugwa. Walinzi walijificha, ili wanyama wasizoee binadamu. Vijana walipewa sungura hai, wajifunze kuwinda. Na wakati ule ule wengine walishughulika huko nje: kuzidisha sungura, kupatana na wenye mashamba na wawindaji, kutengeneza njia za kupita chini ya barabara. Kisha milango ikafunguliwa. Mwaka 2023 walihesabiwa zaidi ya 2.000, wakubwa kwa wadogo.

Tofauti ni nini, ikiwa wote walifungwa? Tofauti ni nia ya mwenye ufunguo. Mmoja alimfuga mnyama kwa ajili ya heshima ya jumba lake. Mwingine alimfuga kwa ajili ya pori. Noe naye hakuijenga safina ili wanyama wakae humo siku zote. Nchi ilipokauka, wote walitoka.

Tunajua neno ambalo msomaji mmoja atatuambia. Atasema: «Ninyi mnasikitikia simba, kwa kuwa hakula mbuzi wenu.» Ndugu huyo ana haki ya kusikilizwa. Simba si mwana-kondoo. Wachungaji wa Atlas hawakuwa waovu walipomwogopa. Walikuwa na watoto wa kulisha. Kwetu Kongo tunalifahamu jambo hilo. Mwaka ule ule wa 1925, simba yule alipopigwa picha, serikali ya Ubelgiji iliweka hifadhi ya Albert, ambayo siku hizi inaitwa Virunga. Humo simba hawakutiwa kizimbani, waliachiwa nchi. Lakini nchi hiyo ilikuwa na watu, na wanaokaa kandokando yake wanajua uchungu wa kukatazwa kuni na shamba, na wa kuamka asubuhi na kukuta tembo wamemaliza mihogo.

Kwa hiyo tunasema: mzigo wa kumtunza mnyama wa pori hauna haki ukibebwa na maskini peke yake. Anayefurahi kwa ajili ya simba, akiwa mjini au ng'ambo, naye atoe bega lake: mbuzi aliyeliwa alipwe, kijana wa kando ya hifadhi apate kazi, mama apate makaa bila kukata mti uliokatazwa. Katika Hispania kazi ilifaulu kwa kuwa wenye mashamba waliulizwa. Pasipo haki hiyo, jirani ataona mnyama ni adui wake, na mtego utategwa usiku.

Majuto ni mjukuu, wazee walisema. Kuitazama picha ya mwaka 1925 na kuguna ni rahisi, wala hakumsaidii simba yeyote. Kumkumbuka kweli ni kuwatunza wale ambao bado hawajawa picha. Katika nyanda za Virunga simba wangali wapo, ingawa vita na mitego vimewapunguza. Hawa hawahitaji bado kizimba cha mtu. Wanahitaji nchi, swala wa kuwinda, na majirani wasiodhulumiwa. Tukingoja mpaka abaki mmoja anayetembea peke yake juu ya mawe, hapo tutajenga kizimba kizuri sana, na watoto wetu watakuja kutuuliza kwa nini tulichelewa.